Kitambaa Nilicholivika Friji

Mwanangu Debora,

Nianze na mdomo wangu, kwa sababu ndio utakaouona kwanza ukirudi kutoka kanisani kuaga. Umevimba upande wa kushoto, na jino moja la mbele limekatika nusu. Nilikuwa nimepanga kukuambia kwamba nimeteleza kisimani, nawe ungeniamini, maana huna tabia ya kunibishia. Sikuteleza. Babu yako amenirushia kigoda leo mchana, baada ya kumwambia jambo ambalo sasa nataka kukuambia na wewe. Sisemi amefanya vizuri. Nasema tu kwamba nilikiona kinakuja na sikukwepa.

Mambo ya safari unayajua, sitayarudia humu. Sitakuandikia pia habari za kusali, za wavulana, wala za kuanika nguo. Wanawake wa kanisani wamekuambia hayo yote leo, na kama ninavyowajua, wamekuambia mara tatu.

Naandika kwa sababu mdomo huu, hata kabla haujavimba, haukuwahi kunisaidia. Unanijua. Nilikaa sekondari miaka minne bila kunyoosha kidole, mpaka siku ya mwisho mwalimu wa jiografia akaniuliza, "Wewe binti ni mgeni?" Darasa zima likacheka. Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Hata neno mwanangu sijawahi kukuita kwa sauti. Mama yako, dada yangu Rehema, alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na wewe minane. Bibi yako alikuwa ameshatangulia. Siku ya kuondoa matanga, shangazi zangu walikukalisha kwenye mkeka mbele yangu wakakuambia, "Mama yako ni huyu." Ulinitazama juu mpaka chini, ukauliza, "Huyu Tabitha?" Wakakufinya. Kuanzia siku hiyo ukaniita mama mdogo, na kila asubuhi ukaniamkia shikamoo, mimi niliyekuzidi kimo kwa vidole vinne tu. Nilikuwa naona haya kuitikia. Lakini niliitikia, kwa sababu mtoto akishatoa shikamoo yake lazima mtu aipokee.

Babu yako yeye alikuwa na utani wake. Una jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kwako yeye ndiye mtoto. Alikuwahi kabla hujafungua mdomo: "Shikamoo, mama." Nawe unasimama wima na kikombe chako cha uji, "Marahaba, mwanangu. Umenawa uso?" Anasema hajanawa, maji ni ya baridi. Unamwambia atachapwa. Miaka minane, kila asubuhi, na sikuwahi kuchoka kusikia.

Sasa ni miezi mitano sijaisikia. Wewe unamwamkia, yeye anageuza uso upande wa jicho lililopofuka, na wewe unapita. Hapa kwetu mtu mzima kutoitikia shikamoo ya mtoto ni kipigo kisichoacha alama. Umepigwa hivyo kila asubuhi kwa kosa ambalo si lako. Ni langu, na hilo ndilo nililomwambia leo.

Turudi nyuma, kwenye lile friji la babu, polepole, kwa sababu nataka ulifuate jambo hili kama unavyofuata waya, kutoka mwanzo wake mpaka unapoishia.

Unakumbuka babu alivyolileta kutoka Singida mjini, limefungwa kwa kamba juu ya gari la mizigo. Mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika alimwambia limetolewa kwenye boti ya matanga, ya watu waliokuwa wakilala na kupika humo humo majini. Lilikuwa kama sanduku, mlango wake juu, na picha ya nanga kwenye mfuniko. Babu alilipenda kwa sababu linakula umeme mdogo wa betri, volti kumi na mbili tu, na sisi tulikuwa na sola na betri ya lori. Kazi yake ya kuchanja kuku wa vitongoji vitatu dhidi ya mdondo ilikuwa inamtesa. Dawa ilikuwa inakuja na chupa ya barafu kutoka Kiomboi, na kabla hajamaliza kitongoji cha pili barafu imekuwa maji.

Jirani yetu Mama Samweli alisimama uani akashika kiuno. "Baba Rehema, umenunua boti? Kinampanda hii ambayo ng'ombe wanalamba tope?"

"Subiri mvua, Mama Samweli," babu akamwambia. "Utakuja kuniomba lifti."

Wewe ndiye uliyeunga nyaya. Nani mwingine? Ulishatengeneza tochi na redio za nusu ya kijiji. Ulilikalia chini siku nzima na ile mita yako ndogo, na jioni likaanza kuunguruma. Kesho yake kipimajoto nilichokining'iniza ndani kwa uzi kilisoma nne. Babu aliniambia chanjo inataka kati ya mbili na nane, ikizidi hapo inakuwa maji ya kisima tu, na akanipa kazi ya kukisoma asubuhi na mchana na kuandika kwenye daftari. Wiki mbili nzima kiliandika nne, tano, nne, nne.

Nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, sina la kufanya na mikono yangu. Nikafuma kitambaa. Nyuzi nyeupe na za rangi ya chungwa, maua pembeni, na marinda marefu yanayoshuka pande zote nne. Katika nyumba ya watu, redio ina kitambaa, meza ina kitambaa, kochi lina kitambaa. Friji likae uchi? Nilikitandika siku wazee wa kanisa walipokuja kumwombea babu kwa kazi yake. Mzee mmoja alikishika akauliza nani amefuma. Babu akasema, "Binti yangu huyu. Haongei, lakini mikono yake inaongea." Sijawahi kusifiwa hivyo mbele za watu. Nililala na maneno hayo.

Siku tatu baadaye kipimajoto kikasoma tisa mchana. Halafu kumi na moja.

Mengine uliyafanya wewe, na nayaandika hapa ili uone kwamba ulifanya sawasawa. Ulipima betri, ikawa nzima. Ukaona vichwa vyake vina ukungu wa kijani, ukavisugua kwa maji ya moto na magadi mpaka vikang'aa. Ukashika waya ukasema una joto, ni mwembamba, umeme unaishia njiani. Ukapima kwenye betri, ukapima kwenye friji wakati linaunguruma, ukanionyesha namba mbili zisizolingana. Ukamwomba babu waya mnene, ukabadilisha, namba zikalingana. Likapoa. Tukashangilia. Kesho yake mchana, kumi na mbili. Ukasema labda ni mawingu, sola haishibi. Ukaenda kuifuta vumbi, ukarudi kupima tena kwenye friji. Likapoa. Kesho yake, kumi na tatu. Babu akaita fundi kutoka Kiomboi. Akaweka kiganja juu ya mfuniko kama mganga, akasema gesi imeisha. Wewe ukamwambia, "Lakini fundi, mbona sasa hivi limepoa?" Akakuuliza, "Mtoto, umesomea wapi?" Ukarudi kwenye mita yako.

Debora, lilikuwa limepoa kwa sababu mlikuwa mmelifunua. Kila aliyekuja kulitengeneza alikitoa kitambaa kwanza, akakikunja vizuri na kukiweka kando kwa heshima, kwa sababu ni kazi ya binti wa nyumba. Akimaliza, mimi nalirudishia nguo yake. Marinda yangu yalishuka mpaka chini, yakaziba yale matundu ya ubavuni yanayotoa joto la kompresa. Mota ilikuwa inapumulia kwenye nyuzi. Ikichoka inazima, ikipoa kidogo inawaka, inazima tena. Tulikaa karibu mwezi mzima tunamtibu mgonjwa ambaye mimi nilikuwa nimemkaba pua.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni la kutojua. La pili nililijua.

Siku moja kabla ya babu kwenda kuchanja, kipimajoto kilisoma kumi na tano. Ulikisoma na wewe, juu ya bega langu. Ukasema, "Mama mdogo, mwambie babu asiitoe dawa hii." Nikakuuliza kwa nini usimwambie wewe. Ukasema, "Mimi ni mtoto. Wewe ndiye mama."

Nikaenda. Babu alikuwa anakula. Nilisimama mlangoni na daftari nimelikumbatia. Akainua uso. "Unasemaje?"

Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: dawa imepata joto. Niliyahisi mdomoni. Nikaona alivyochoka, nikawaza atasema nini, atanitazama vipi. Nikasema, "Maji ya kunawa yapo."

"Haya," akasema, akaendelea kula.

Nikarudi jikoni. Uliniuliza, "Umemwambia?" Nikakuambia ndiyo.

Yaliyofuata umeyaona kwa macho yako, lakini nataka uyasome kwa mwandiko wangu. Babu alitia tone moja moja kwenye macho ya kuku wa vitongoji vitatu. Wiki mbili zikapita, mdondo ukaingia. Kuku wakaanza kuzungusha shingo kama wanaotafuta kitu nyuma yao. Wakaharisha kijani. Wakawa wanafia kwenye njia, kwenye majiko, juu ya mayai yao. Mama Samweli alikuwa amewafuga kuku wake mwaka mzima kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na walikufa wote kati ya Jumatatu na Alhamisi. Watu waliokuwa wamekataa chanjo, kuku wao walikufa pia, lakini hilo hakuna aliyelisema. Walisema dawa ya Baba Rehema ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Walikuja saa nne asubuhi. Hawakupiga kelele njiani, ndiyo maana hatukufunga mlango. Kuku mfu wa kwanza alitua kwenye sufuria ya uji, wa pili akampiga babu kifuani, na baada ya hapo walianguka kama mawe. Mama Samweli alikuwa mbele, na kuku watatu wa miguu juu mkononi.

"Uliwatia nini machoni, Baba Rehema?"

"Chanjo, Mama Samweli. Ile ile ya kila mara."

"Ya kila mara haikuua."

Samweli alikuwa na shoka. Alimpiga babu kwa upande wa mpini, mara ya kwanza begani, na babu akasema, "Samweli, mwanangu, subiri." Mara ya pili ilikuwa kwenye jicho. Alipoinua mkono kujikinga, ya tatu ikaupata mkono, na nikasikia mfupa. Unalia kama bua kavu la mtama. Babu akaanguka juu ya kuku. Wengine wakaingia na miguu. Mzee yule aliyeshika kitambaa changu na kukisifu alikuwepo, nilimwona, alikuwa anampiga teke mgongoni akiwa ameshika kofia yake isianguke.

Kisha Samweli akaingia ndani akalivuta friji mpaka uani na kulikata mfuniko kwa shoka. Chupa ndogo za dawa zikamwagika. Akazisaga kwa kisigino. Kitambaa changu kikakanyagwa kwenye matope na damu.

Mimi nilikuwa wapi? Nyuma ya mlango wa jiko. Nilikuwa na mdomo, na maneno yalikuwa yale yale: dawa ilipata joto, mimi nilijua. Nilikuwa nayabana kwa meno.

Wewe ulipita katikati yao. Ulilala juu ya babu ukapiga kelele, "Ni mimi niliyeunga nyaya! Friji halikupoa kwa sababu yangu! Mwacheni, ni mimi!"

Wakaacha. Samweli akageuka na shoka lake, akakutazama, na mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni mtoto."

Hapo ndipo nilipotoka jikoni. Ule waya mwembamba wa zamani ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Niliukunja mara mbili, nikakushika nywele, nikakuondoa juu ya babu, nikakupiga.

Watu wa hapa wanajua mbinu hiyo. Umati ukimgeukia mwanao, mpige wewe kwanza, na umpige vibaya, mpaka wao wenyewe waseme basi. Mama Samweli ndiye aliyesema. Aliushika mkono wangu. "Basi, Tabitha. Utamuua mtoto." Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakitikisa vichwa. Tangu siku ile wananisifu kisimani: yule msichana mpole ana akili, alimwokoa mwanawe. Na wewe, na mkono wako umepasuka kutoka kiwiko mpaka kiganja, jioni ile uliniambia, "Asante, mama mdogo."

Nimeishi na asante hiyo miezi mitano. Sasa naomba uichukue.

Fimbo tatu za kwanza zilikuwa za kukuokoa. Nazikumbuka vizuri, nilikuwa natazama shoka. Zilizofuata zilikuwa zangu. Ulipopiga kelele kwamba ni nyaya, nililidaka neno hilo. Nikasema moyoni, kumbe ni nyaya, si mdomo wangu. Na kila nilipokupiga nilizidi kuamini. Nilikupiga ili iwe kweli. Mama Samweli asingeushika mkono ule, sijui ningeacha saa ngapi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekificha ndani ya mtu mpole.

Babu akiwa bado hospitali Kiomboi, nilikiosha kitambaa. Damu ilitoka kwa maji baridi na chumvi. Lakini upande mmoja wa marinda kulikuwa na doa ambalo halikutoka, mistari ya rangi ya chai, imepangwa sawa, mmoja chini ya mwingine. Nilisugua mpaka nyuzi zikaanza kukatika. Nilipokianika nikakiona dhidi ya jua: mistari tisa. Nikaenda nyuma ya zizi ulikoliburuta lile friji lililokatwa. Nikapiga magoti ubavuni mwake. Matundu tisa.

Sikuamini bado, au sikutaka. Wewe uliwahi kuniambia kwamba jibu linalokuja la kwanza lazima lipimwe mara mbili. Mota ilikuwa bado nzima. Ulipokwenda kuchota maji nililiunganisha na betri kama nilivyokuona ukifanya. Ile sahani ya bati iliyo ndani ya friji ikaanza kushika baridi, ikatoa jasho, kisha ukungu mweupe. Nikalivika kitambaa. Likaunguruma, likazima. Ukungu ukayeyuka. Nikakitoa, nikasubiri, likawaka tena, na ukungu ukarudi. Nilifanya hivyo mara tatu. Nyaya zako hazikuwa na kosa, Debora. Zile za kwanza zilikuwa nyembamba kidogo, ukagundua na kuzibadilisha mwenyewe. Hakuna kingine.

Nikakikunja kitambaa nikakificha chini ya godoro langu. Babu akarudi na jicho moja. Hakukugombeza. Alinyamaza tu, na ukimya wake nikauacha uende kwako kwa sababu ulikuwa haunigusi mimi. Samweli alikaa mahabusu siku tatu, wazee wakayamaliza, akaoa, wageni wakalishwa maharage, na mpaka leo watoto wakimwona wanaimba, "Bwana Maharage." Kila kitu kikawa kama kimekwisha. Mtu mwenye haya anapenda sana mambo yaliyokwisha.

Kisha ukapata nafasi chuoni Dodoma, ya kusomea ufundi wa mafriji. Juzi tulikuwa tunakunja nguo zako, ukasema bila kunitazama, "Nikifika nitamwuliza mwalimu niliunga wapi vibaya. Nikishajua nitarudi nimweleze babu, labda ataniitikia." Ukaendelea kukunja gauni. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na lile friji nyuma ya zizi.

Nikaona kwamba huendi kusoma. Unakwenda kutafuta kosa ambalo halipo, na kwa kuwa halipo hutalipata, na kwa kuwa hutalipata utaendelea kulitafuta mpaka uwe mzee. Utafungua kila mashine ya watu ukijitafuta mwenyewe ndani yake.

Leo mchana, ulipotoka kwenda kanisani, nilichukua kitambaa nikaenda kusimama mlangoni. Mlango ule ule. Babu alikuwa anakula.

"Unasemaje?"

Nilikuwa nimekariri maneno usiku kucha, yakanipotea yote. Nikasema, "Baba, si nyaya. Ni kitambaa changu. Na nilijua dawa imepata joto."

Hapo ndipo kigoda kiliporuka. Alikirusha kwa mkono mzima, ule wa kushoto, na hajazoea kuutumia, nadhani alilenga ukuta. Sijui. Nilikaa chini nikatema damu na kipande cha jino kwenye kiganja. Alisimama juu yangu anahema.

"Siku ile ulikuja hapa mlangoni," akasema.

"Nilikuja."

"Na daftari mkononi."

"Ndiyo, baba."

"Ukaniambia maji ya kunawa yapo."

Alikuwa anakumbuka, Debora. Neno lile dogo. Nadhani siku zile zote za hospitali alikuwa analirudia, akishangaa binti yake alikuja kusema nini.

"Lete hicho kitambaa."

Alikiweka karibu kabisa na jicho lake, akaipitia mistari kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka tisa. Halafu akakaa chini sakafuni, karibu na mimi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akauliza, "Na yeye alisema ni nyaya ili waniache?"

"Aliamini ni nyaya. Na alisema ili wakuache."

Alikikunja kitambaa akanirudishia. Kisha akauliza, "Mtoto amekula leo?" Nikamwambia umekula. Hajawahi kuuliza habari zako tangu mvua zilipoanza, na sasa alizeti zimeshavunwa.

Kesho ukishapanda basi, sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitapita kwa Mama Samweli. Nimemaliza kujiuliza atafanya nini. Kama Samweli atakuwepo, atakuwepo. Nitasema sentensi zile zile tatu, na sitaingilia mlango wa jikoni.

Kitambaa nitakizungushia barua hii. Si zawadi, wala usikitandike popote. Kipeleke kwa mwalimu wako wa mafriji, mwonyeshe ile mistari, mwulize mashine ikivikwa hivi itakuwaje. Akishakujibu, usiulize tena swali hilo maishani.

Nimejifunza kitu kimoja kutoka kwenye lile sanduku, na nakupa kwa sababu ni cha ufundi. Kitu kikipona kila unapokifunua, usihangaike na vilivyo ndani yake. Tazama unachokirudishia. Mimi nimekuwa nikirudishia kimya changu juu ya kila kitu katika nyumba hii, na kwa kuwa kilikuwa kimefumwa vizuri watu walikisifu.

Na mkono wako. Chuoni watakuuliza hiyo alama ni ya nini. Umekuwa ukisema uliungua. Sema ulipigwa na mama yako mdogo, kwa waya, na kwamba hukuwa na kosa. Usinifiche. Kama utataka kuniita Tabitha kuanzia sasa, niite. Sitafinya mtu.

Jua linashuka, na nasikia lango. Ni wewe, nazijua ndala zako. Babu amekaa sebuleni tangu mchana, hajatoka hata kuwatazama mbuzi. Mimi niko chumbani kwetu, pazia tu liko katikati. Umefika mlangoni. Umevuta pumzi kama unavyofanya kila siku kabla ya kumwamkia.

Amekuwahi. Amesema, "Shikamoo, mama."

Hujajibu. Nasikia kikombe kinawekwa juu ya meza, sijui nani amekishika. Anasema tena, polepole, "Mama, shikamoo. Sijanawa uso."

Bado hujajibu. Naacha kuandika hapa ili nisikie.

Mjibu, mwanangu.

Tabitha